Jibu: Kupima gharama na faida za kanuni za usalama wa bomba la gesi

Ndugu mwanafunzi wa Nyegezi, umeuliza utaiteteaje katika tasnifu yako kanuni ya kuweka kwenye mabomba ya gesi vali zinazoendeshwa kutoka mbali, za kukata gesi bomba likipasuka, ilhali gharama yake inajulikana na faida yake ni ajali ambayo huenda isitokee. Swali ni zito, na wahandisi niliofanya nao kazi walibishana juu yake mara nyingi.

Anza na tukio halisi. Mwaka 2010 bomba lilipasuka San Bruno, California. Watu 8 walifariki, nyumba 38 ziliteketea, na gesi ilichukua takriban dakika 95 kukatwa. Vali haizuii mpasuko, kwa hiyo faida yake ni madhara yanayopungua gesi ikikatwa mapema, ukiyazidisha kwa uwezekano wa bomba kupasuka. Tenganisha mabomba mapya na ya zamani: kanuni ya Marekani ya mwaka 2022 ililenga mapya na yanayobadilishwa, ambako kuweka vali ni nafuu kuliko kufukua bomba lililokwisha kufukiwa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye thamani ya uhai, yaani kiasi cha fedha unachokihesabia kila uhai unaookolewa. Ukiikadiria kwa kipato cha wakazi, hesabu itasema wakazi wa Mabatini, mtaa wa Mwanza wenye kipato cha chini, hawastahili kinga sawa na wale wa mtaa wa kitajiri wa Capri Point, na hilo silikubali hata kidogo. Tumia thamani moja kwa watu wote, na uiandike waziwazi.

Makadirio ya mpasuko usiyabuni. Mpelekee mhandisi wa mabomba ayakague, na uulize kanuni zetu katika ofisi ya Kanda ya Ziwa ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kabla ya kuwasilisha.