Kufundisha Chuoni kwa Muda: Piga Hesabu ya Saa Ambazo Hulipwi

Chuo kikikupigia simu kukuomba ufundishe somo moja la jioni, jambo la kwanza utakaloambiwa ni malipo ya saa. Kwa mtu mwenye ajira ya kawaida, kiwango hicho hupendeza. Gawa mshahara wako wa mwezi kwa saa unazokaa ofisini, na huenda ukaona cha chuo kimeuacha mbali. Mimi nafundisha mbinu za utafiti kwa utaratibu huo kwa miaka kadhaa sasa, huku mchana nikiwa na kazi yangu, na bado naona inalipa. Ila kinacholipa si hicho kiwango.

Tuchukue somo la saa 3 kwa wiki, muhula wa wiki 15. Darasani utasimama saa 45, na hizo ndizo utakazoziandika kwenye fomu ya madai. Mara ya kwanza kulifundisha somo, tuseme kila saa ya darasani inakudai saa mbili za maandalizi: kusoma upya, kutafuta mifano, kutengeneza slaidi, kutunga maswali. Hapo pana saa 90. Darasa lina wanafunzi 60, na kila mmoja ana jaribio, zoezi la kufanyia nyumbani na mtihani wa mwisho. Ukitumia dakika 15 kwa kila karatasi, kusahihisha peke yake kutakula saa 45 nyingine. Jumla 180, umelipwa 45. Kile kiwango kilichokupendeza kimebaki robo, na sijagusa nauli wala wanafunzi wanaokusubiri mlangoni kipindi kikiisha.

Cha kuchekesha ni kwamba saa za mwanafunzi zinahesabiwa vizuri sana. Katika ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo ya chuo kwa krediti, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na kujisomea kumo humo. Mwalimu wa muda naye anajisomea usiku kucha, ila kwake huko kunaitwa kujituma.

Sasa rudia hesabu hiyohiyo muhula unaofuata, somo lilelile. Maandalizi yameshuka hadi saa 20 hivi, maana kazi yako sasa ni kurekebisha tu. Jumla imekuwa 110 badala ya 180, na malipo hayajapungua hata senti. Pato la kazi hii liko kwenye kurudia. Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya masomo mawili tofauti na somo moja lenye mikondo miwili, chukua mikondo miwili bila kufikiri mara mbili. Nawafahamu wenzangu hodari kuliko mimi wanaobadilishiwa somo kila muhula, nao wanachoka kila mwaka kama wameanza jana.

Ndiyo maana kabla ya kukubali ni lazima uulize. Mkuu wa idara wa chuo ninakofundisha sasa, mama mwenye haraka zake, aliniambia kwenye simu, "Mwalimu, wewe njoo tu, mengine tutayaweka sawa." Nikamjibu, "Nitakuja mama, ila naomba kwanza muhtasari wa somo na mitihani ya miaka ya nyuma." Alicheka, lakini jioni ileile vikaja. Muhtasari unakuonyesha mada zinazotakiwa, na mitihani ya nyuma inakuonyesha kina kinachotarajiwa, kwa sababu muhtasari mara nyingi huahidi makubwa kuliko yanayopimwa. Uliza pia idadi ya wanafunzi, maana darasa la 30 na la 150 hulipwa sawa kwa saa. Uliza kama slaidi za aliyekutangulia zipo. Hakuna aibu ya kuanzia pale mwenzako alipoishia, alimradi ameridhia.

Mkataba uwe wa maandishi, tena kabla ya kipindi cha kwanza. Usitafute lugha nzuri humo, tafuta majibu: kutunga mtihani kunalipwa au kumo ndani ya saa za kufundisha? Kusimamia mtihani je? Kusahihisha hulipwa kwa karatasi, au ni sadaka? Kipindi kikiangukia sikukuu, kinafidiwa? Kodi inakatwa hukohuko au utailipa mwenyewe? Na pesa inatoka lini? Vyuo vingi hulipa baada ya matokeo kuwasilishwa, kwa hiyo usiipangie kodi ya nyumba pesa ya muhula ambao haujaisha. Karatasi ya mahudhurio unayosaini kila kipindi, ipige picha kabla hujaiacha ofisini. Picha hizo zimewahi kunilipia muhula mzima, pale karatasi zilipopotea mikononi mwa watu.

Mwajiri wako wa mchana naye apewe taarifa, kwa maandishi, kama masharti ya ajira yanadai hivyo. Ni afadhali aambiwe na wewe kuliko na ratiba ya chuo iliyobandikwa ukutani.

Kwenye kusahihisha ndiko unakoweza kuokoa saa bila kumpunja mwanafunzi. Andika mwongozo wa alama siku unayotunga swali, usisubiri siku ya kusahihisha. Kisha sahihisha swali kwa swali: swali la 1 kwa darasa zima, halafu rudi mwanzo kwa swali la 2. Jibu unalolitafuta linakaa kichwani, mkono unakuwa mwepesi, na mwanafunzi aliyeharibu swali la 1 hachukuliwi na hasira zako hadi la 4. Maoni nayaandika kwa herufi: M ni "mfano haupo", S ni "sampuli haijaelezwa", H ni "hoja haijathibitishwa". Ufunguo wa herufi hizo naugawa wiki ya kwanza ya muhula. Palipokuwa na sentensi tatu pembeni sasa pana herufi moja, na wanafunzi wanaielewa.

Darasa likishatulia, kazi nyingine zinaanza kukufuata. Kuhariri tasnifu, kupanga marejeo kwa mtindo wa APA toleo la 7, kuchambua data kwa programu za takwimu kama SPSS, au R ambayo ni ya bure, kutafsiri ikisiri, kuendesha mafunzo ya siku mbili kwa wafanyakazi wa taasisi. Uhariri toza kwa maneno au kurasa, usitoze kwa "tasnifu nzima", maana kuna tasnifu za kurasa 80 na za 300, na kuna Kiswahili cha kurekebisha na kile cha kuandika upya. Omba kurasa tano zozote za katikati uzione kabla hujataja bei. Sura ya kwanza huwa imeshapitiwa na marafiki wote.

Kuhusu kumwandikia mtu, hapo simama. Mteja wa data lazima akae na wewe aelewe jedwali lilivyopatikana, kwa sababu siku ya kuitetea tasnifu yake mbele ya watahini hutakuwepo. Kuuza kazi ya kitaaluma kwa mwanafunzi aiwasilishe kama yake ni kosa la jinai kwa wauzaji katika baadhi ya nchi: Australia ilitunga sheria hiyo mwaka 2020, Uingereza mwaka 2022. Na hata pasipo na sheria, jina likishachafuka chuoni, hakuna idara itakayokupigia simu tena. Vilevile mwanafunzi unayempa alama wewe mwenyewe usimfundishe tuisheni ya kulipia, hata akikubembeleza vipi. Mwelekeze kwa mwenzako, naye atakuelekezea wa kwake.

Mwisho, somo jipya. Itafika siku idara itakuomba usaidie somo lisilo lako kwa sababu mwenyewe amesafiri. Nikiombwa hivyo huwa nauliza kama kuna malipo ya maandalizi. Yakiwepo, nazungumza. Yasipokuwepo, nawapa jina la mtu ambaye tayari analifundisha kwingine, na mara nyingi wanampigia siku hiyohiyo.