Fremu ya XL na injini ya 250: anza na kadi

Kaka wa Masasi, nimekuelewa: una fremu ya pikipiki ya Honda XL 125, unataka kuifunga injini ya Kichina ya cc 250 upige safari za Nachingwea hadi Liwale. Inawezekana. Ila kabla ya kushika spana, hakikisha namba ya chesesi inalingana na kadi ya usajili, na namba ya injini mpya ipeleke TRA (mamlaka ya mapato), la sivyo trafiki watakusumbua.

Kazi yenyewe iko kwenye cheni. Laza rula ndefu toka sproketi (gia ya meno inayoshika cheni) ya mbele hadi ya nyuma. Zikipishana hata milimita chache, cheni italika upande au itachomoka mwendoni. Vishikio vya injini achomelee fundi wa fremu, siyo wa mageti (nakuomba sana). Breki ya 125 haitoshi nguvu hiyo, tafuta foku (miguu inayoshika tairi la mbele) yenye breki ya diski. Mabegi yawe mepesi. Kwenye mchanga uzito wa nyuma unayumbisha usukani.