Kokoto ya Cherti Haitambuliwi kwa Rangi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Changamwe alinitumia picha ya kokoto nyekundu aliyoiokota Mto Mwache, akauliza, "Mwalimu, hili ni jasipa?" Jasipa ni aina nyekundu ya jiwe gumu liitwalo cherti. Nilipomwambia kuwa picha haitoshi, alidhani ninamficha jambo. Iliniuma, kwa sababu niliwahi kwenda kwa mtaalamu nikiwa na mfuko wa mawe, akaniambia kokoto za mtoni hazina cha kusomwa, na tangu siku hiyo nimeazimia kutomnyima mtu jibu.

Cherti ni silika, yaani madini yaleyale ya mchanga mweupe na kioo, ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na mara nyingi hutokana na mabaki ya viumbe vya baharini waliojijengea viunzi vya silika. Wekundu huletwa na kutu ya chuma, nayo kutu haichagui jiwe.

Chukua kisu, ulikwaruze. Cherti ina ugumu wa karibu 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, inaushinda ugumu wa kisu cha kawaida, hivyo mstari wa kijivu utakaouona ni chuma kilichosagika juu ya jiwe. Pitisha ukucha, hutahisi mfereji wowote. Jiwe la chokaa, ambalo sisi wa Mombasa tumelizoea kwa kuwa kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe, hukwaruzika mara moja, na unga wake ukitiwa ndimu hutoa povu.

Hata hivyo, kwatzi, yaani silika ya fuwele zinazoonekana kwa macho, nayo haikwaruziki, na ndiyo iliyojaa mitoni. Kwa hiyo lazima jiwe livunjwe: livae kitambaa, nawe uvae miwani, ulipige nyundo. Cherti hupasuka kwa mawimbi laini ya mviringo, mithili ya upande wa ndani wa kombe, na kuacha ukingo mkali mwembamba unaopitisha mwanga kidogo. Ni ukingo wa namna hii uliowafaa wahenga waliochonga zana za mawe. Ukiona punje zinazometameta mahali pa mawimbi hayo, hiyo si cherti.

Jihadharini pia na vipande vya miti iliyogeuka silika, vinavyopatikana katika miamba ya mchanga ya Mazeras. Hushinda kisu vilevile, lakini ukivilowesha, nyuzi za mti hujitokeza. Msivivunje. Andikeni mlipoviokota, kisha mnitumie picha ya jiwe likiwa limelowa.