Mbona anaulizwa anayetukanwa?

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mchezaji mweusi akitukanwa kwa rangi yake uwanjani, atoke au aendelee kucheza? Jibu lililonijia kwanza ni atoke. Avue jezi, aoge, apande basi. Samuel Eto'o, mshambuliaji Mcameroon wa Barcelona, alitaka kufanya hivyo pale Zaragoza, Hispania, Februari 2006. Alishaanza kuondoka pale wenzake, kocha na hata wapinzani walipomzunguka wakimbembeleza abaki. Akabaki, Barcelona ikashinda 2-0, nasi tukamsifu kwa ukomavu. Siku hizi sifa ile inanikera.

Lakini mechi iliyonikaa rohoni ni ya Mestalla, uwanja wa Valencia, Mei 21, 2023, Valencia na Real Madrid. Wengi wanaikumbuka kwa kidole cha Vinicius Junior, winga Mbrazili mweusi wa Madrid, kikimwonyesha shabiki aliyemtukana nyuma ya goli: huyu hapa, ndiye huyu. Mpira ukasimama, tangazo likasomwa kwenye vipaza sauti kuwa matusi yakiendelea mechi itavunjwa, kisha mpira ukaendelea. Mimi naikumbuka zaidi kwa kilichotokea mwishoni. Dakika za nyongeza ilizuka purukushani. Katikati ya msukumano ule Hugo Duro wa Valencia alimpiga Vinicius kabali, mkono shingoni, akamng'ang'ania. Vinicius katika kujinasua akarusha mkono, ukampata Duro usoni. Chumba cha VAR, waamuzi wasaidizi wa video, kikamwita mwamuzi kwenye skrini, na picha alizoonyeshwa zilikuwa za ule mkono wa Vinicius. Kabali haikuwemo. Kadi nyekundu. Naye akatoka huku akiwaonyesha mashabiki kwa vidole kwamba wanashuka daraja, maana Valencia ilikuwa hali mbaya msimu ule. Hapo napo akalaumiwa, eti anachokoza watu!

Kwa hiyo alitoka. Jukwaa zima likabaki, Duro akabaki, na pointi tatu za ushindi wa 1-0 zikabaki Valencia.

Najua yaliyofuata. Kadi ilifutwa siku chache baadaye. Kule Rio de Janeiro walizima taa za sanamu ya Kristo kumuunga mkono. Valencia ilipigwa faini ya euro 45,000 na kufungiwa sehemu ya jukwaa kwa mechi tano. Ikakata rufaa, zikawa euro 27,000 na mechi tatu. Juni 2024 mahakama iliwahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi 8 na kuwazuia kuingia viwanjani miaka 2, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kwa soka la Hispania. Si haba. Ila ilichukua zaidi ya mwaka, na kwa kawaida nchini humo kifungo kifupi kama hicho huahirishwa kwa mtu asiye na makosa ya nyuma.

Sasa, ninavyoandika naona "atoke" yangu ina tundu. Akitoka peke yake, waliomtukana wamepata walichokitaka: winga hatari kaondoka, na hawakulazimika kumkaba. Tusi linakuwa mbinu ya mchezo. Paris, Desemba 2020, mambo yalikwenda vingine. Pierre Webó, kocha msaidizi wa Istanbul Basaksehir ya Uturuki iliyokuwa ikicheza na PSG, alitajwa kwa rangi yake na mwamuzi wa nne. Demba Ba, mshambuliaji wa Basaksehir, akainuka benchi kudai maelezo, na timu zote mbili, PSG wakiwemo, zikatoka. Mechi ilimaliziwa kesho yake kwa waamuzi wengine. Hakuna aliyemwachia Webó mzigo wa kuamua peke yake.

FIFA tangu 2024 ina ishara ya mikono kukingamana vifundoni na hatua tatu: kusimamisha, kuahirisha kwa muda, kuvunja. Sawa, lakini mara nyingi ngazi hiyo inaanza kupandwa pale aliyetukanwa anapokwenda kushtaki. Kwa nini nahodha wake mzungu asiwe wa kwanza kukingamanisha mikono? Kwa nini klabu ya nyumbani isipoteze pointi, ikaachiwa faini isiyofikia hata mshahara wa wiki wa staa mmoja?

Kwa hiyo nabadilisha jibu: asitoke yeye, watoke wengine, naye awafuate akipenda. Wanasheria watasema walevi kumi wanaweza kuinyima klabu pointi, au wapinzani wakapandikiza watu wao jukwaani. Inawezekana. Kwa tukio la mtu mmoja ambaye klabu yenyewe imemkamata palepale, nisingekata pointi. Kwa jukwaa linaloimba, ningekata bila kusita.

Na niseme ukweli: siku Vinicius atakapogoma kutoka, akabaki na kuwafunga dakika ya 90, nitaruka juu kama kila mtu, na haya yote niliyoandika nitayasahau hadi mechi ijayo.

Msomaji wenu