Kile chumba cha Njombe hakikuwa na laana

Nyie mnaosema "siku yake ilifika tu" naombeni mnisikilize, maana na mimi nilikuwa nasema hivohivo.

Nilipanga chumba Njombe mjini mwezi wa sita, na waliokaa kule wanaijua baridi ya mwezi wa sita. Kodi ilikuwa ndogo mno, majirani wakanipa sababu: kuna kijana alikutwa amekufa humo asubuhi, mlango umefungwa kwa ndani, hana jeraha, hajaibiwa kitu, halafu mwaka uliofuata wakafa wawili, mtu na mdogo wake, vilevile kama wamelala. Mtaa ulishaamua, wengine uchawi, wengine eti kila mtu ana siku yake haikwepeki. Nikajiambia kama imepangwa imepangwa, nikahamia.

Usiku wa nne baridi ikanishinda, nikaingiza jiko la mkaa, ulishakolea vizuri hata moshi hakuna, nikafunga mlango nikalala. Kwenye tenga nilikuwa na kuku wa kumpelekea shangazi. Nikashtuka kichwa kinapasuka, kichefuchefu, miguu haina nguvu kabisa, nikatambaa mpaka mlangoni, komeo sijui nililifunguaje, nikaangukia nje. Kulipokucha kuku amekufa.

Sasa kuku nani amroge jamani?

Hospitali nesi aliniuliza kitu kimoja tu, ulilala na jiko? Mkaa kwenye chumba kisichopitisha hewa unatoa kabonimonoksaidi, gesi ya sumu, haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hata uliokolea unaitoa, tena hapo ndo mbaya zaidi maana hakuna moshi wa kukushtua. Uingereza wachimba makaa ya mawe walikuwa wanashuka mgodini na ndege mdogo wa kuwashtua gesi hiyo ikiwepo mpaka 1986, akidondoka wanakimbia. Nikarudi kukiangalia chumba, matundu ya hewa juu ya dirisha yote yamezibwa na saruji, mwenye nyumba alikuwa anazuia baridi.

Mimi ni mtu wa kanisani, naamini Mungu anaijua siku yangu. Lakini jiko niliingiza mwenyewe, na matundu yalizibwa na mtu. Yule wa kwanza alipokufa tukasema imepangwa, hakuna aliyeinua macho juu ya dirisha, ndo wakafuata wawili. Hii inaniuma mpaka leo.

Kwahiyo jiko libaki nje, ndani ongeza sweta na blanketi. Mkiamka wote vichwa vinauma msitafute dawa kwanza, tokeni nje. Ukikuta mtu hajitambui fungua mlango na madirisha, mtoe kwenye hewa, mkimbize hospitali apewe oksijeni. Na msibani ukiambiwa "alilala tu hakuamka", subiri watu watulie halafu uliza kwa upole, jiko lilikuwa wapi?

Matundu tuliyazibua mimi na fundi mmoja. Siku hizi anaishi humo mshona nguo na mkewe, nikipita jioni jiko lao nalikuta barazani.