Wimbo wako wape kwanza wamama wa kwaya, studio haikimbii

Mwaka 2014 nilipokea hela ya mchezo, zamu yangu ilikuwa imefika, nikaipeleka yote studio. Nyimbo nane kwa mpigo, albamu kamili, maana nilikuwa najiona tayari. Produsa akanipigia biti, nikaipenda, kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo, iko juu huko lakini nani anajali, naimba mstari mmoja pumzi inakata, anasimamisha, tunaanzia pale pale, anaunga. Ikatoka tamu balaa.

Siku ya uzinduzi sasa. Mgeni rasmi kakaa, bendi ipo, naanza wimbo wa kwanza na kiitikio tu sauti ikagoma. Mpiga kinanda akanionea huruma akashusha kii, akashusha tena, wimbo wa tatu nikamfuata fundi mitambo nikamwambia weka pleibeki. Baada ya ibada mama mmoja wa sauti ya pili akanivuta pembeni, "Mwanangu, wimbo mzuri, ila hatukupata pa kuingia." Hiyo sentensi ninayo mpaka leo. Na sidii nilizochoma mia tatu, zaidi ya nusu ziko kwenye boksi chini ya kitanda, hata deki ya kuzichezea sina tena.

Baadaye ndo nikaanza kumsikiliza Sinach kwa sikio la mtunzi. Yule dada wa Nigeria kasoma fizikia Port Harcourt, na muda mrefu kabla dunia haijamjua alikuwa anawatungia watu wa kanisa lake la Christ Embassy, yaani kila wiki nyimbo zake zinapita midomoni mwa watu wa kawaida. Chukua Way Maker ya 2015. Mistari mifupi, inajirudia, kiitikio ni sifa za Mungu zimepangwa moja baada ya nyingine, ukiusikia mara ya pili tayari unaimba. Ndo maana bendi ya Leeland ya Marekani wakauchukua, waimbaji wa injili wa huko huko Michael W. Smith akauchukua, marehemu Mandisa naye, kila mtu kwa kii yake na wimbo haukuvunjika. Mwaka 2020 ukapata tuzo ya Dove, ile ya muziki wa injili, ya wimbo bora wa mwaka kule Marekani, na huku kwetu watu wanauimba kwa Kiswahili kama umetungwa Morogoro. Wangu ukiniondoa mimi na ule mwangwi wa studio hakibaki kitu.

Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Wimbo mpya naupeleka mazoezini bila kinanda, nawafundisha mdomo kwa mdomo, halafu nakaa kimya wiki mbili siutaji. Wakirudi wanaukumbuka kiitikio ila ubeti wa pili umepotea, sigombi na mtu, ubeti ndo mbaya, nakata. Kii naitafutia ibada ya kwanza asubuhi, sauti za watu bado zimelala, pale wanapofika bila kukunja sura ndo pake, hata kama wewe mwenyewe unaweza kupanda zaidi (kupanda ni kujifurahisha tu jamani, tuwe wakweli). Sauti ya tatu na ya nne wakianza kujitafutia njia zao bila kuelekezwa, hapo nachukua simu narekodi.

Studio nenda na wimbo mmoja tu, na uimbe wote moja kwa moja angalau mara moja kabla ya kuanza kuunga unga. Kabla hujamalizia malipo chukua kwenye flashi biti tupu na vokali zako peke yake, mimi sikuchukua, kompyuta ya watu ikafa na nyimbo zangu ndani. Jina la mtunzi liandikwe mapema pia, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ukasajili, usisubiri ugomvi.

Saa hizi kuna wimbo wangu wanakwaya wanao tangu Pasaka. Wamebadilisha neno moja kwenye ubeti wa pili bila kuniuliza, na lao ni zuri kuliko langu, kwa hiyo studio nitaingia na hilo lao.