Nauli ya mwanafunzi kijijini

Umeuliza kama serikali inamlipia nauli mwanafunzi wa kijijini. Hapana ndugu, kwa hapa Tanzania haina fungu maalumu la nauli hiyo. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 iliondoa ada na michango ya lazima, nauli haimo. Kinachokaribia ni TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii: kaya iliyo kwenye mpango wake wa kunusuru kaya maskini imekuwa ikilipwa kila baada ya miezi miwili, na mtoto mahudhurio yake yasishuke chini ya asilimia 80. Ila hela yenyewe haijaandikwa nauli. Mama ndiye anaamua iwe ya daftari, unga au bodaboda. Dada yangu yumo. Alibana malipo mawili akamnunulia kijana baiskeli ya mtumba, mnyororo unaachia kila wiki lakini shule anafika.

Usitegemee kujiandikisha TASAF siku yoyote unayotaka. Majina hupitishwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo muulize mtendaji wenu. Na ile nauli ya wanafunzi iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, sh. 200, ni ya daladala. Wa boda haimhusu, atakucheka tu.